Mpini wa Jembe la Babu Yako

Mke mwenzangu Neema, mjukuu wangu,

Huku Guangzhou, China, tu wazima. Mama yako anashinda kwenye masoko ya mtaa wa Guangyuan Xilu akitafuta nguo za duka lake, nami nabaki ghorofani na magoti yangu.

Umeniuliza kama nimeipenda picha ya vitenge ambavyo kamati yenu inachapisha huku kutukumbuka sisi wanawake tuliolima wakati wa vita vya Kagera. Jana mama yako aliniletea sampuli kutoka kiwandani. Mwanamke anacheka, ameshika jembe lenye mpini mrefu. Sikuipenda.

Babu yako alipokwenda vitani aliniachia mimba, shamba la mahindi na jembe lake. Mpini ule mrefu, wa kimo chake, ulinilemea, nikaukata. Nikalima misimu miwili, na magunia yetu yakaenda kulisha askari.

Aliporudi, kijiji kizima kilimpokea kwa ngoma. Akaingia ndani, akaliona jembe nyuma ya mlango. Kabla hajamshika mtoto akasema, "Nani kaniharibia jembe?"

Nikamwomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko swali lake. Wenzangu nao waliomba radhi, kila mmoja kwa lake, na nadhani ndiyo maana imechukua miaka yote hii mtu kutukumbuka.

Waambie wanakamati wenzako mwanamke huyo asicheke, na mpini waukate. Jembe lenyewe liko stoo kwangu huko nyumbani. Wapelekee walitazame, na usiwaombe radhi kwa usumbufu.

Bibi yako