Shangazi, Zima Wimbo Wangu

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Miguu je, bado inavimba ukisimama zamu nzima, au vile viatu vipya vimekusaidia? Na mgongo wa mumeo unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mama amepona kikohozi na ameanza tena kugombana na majirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue hana ugonjwa wowote. Baba naye mzima, anakula vizuri, ila amenuna. Kununa kwake ndiko kulikonikalisha hapa na kalamu.

Utacheka kwamba nakuandikia barua kama watu wa zamani. Lakini Shangazi, kwenye simu hunipi nafasi! Nikisema haloo tu, unaniwekea wimbo wangu mwenyewe nisikie unavyochezwa huko kazini kwenu, wenzako wa kufulia nguo wanapiga vigelegele, nami maneno yananikauka mdomoni. Yule muuguzi jirani yetu anarudi huko keshokutwa, nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho kabla hujanipigia. Na tafadhali, usianze kumpigia baba.

Nakwambia waziwazi, maana kuzunguka siwezi. Acheni kuucheza wimbo wangu, wewe na wenzako wote. Nimeshapewa onyo, na likija la pili wananifungia. Nyimbo zote zitaondolewa na kile kidogo nilichochuma kitapotelea hukohuko. Najua unavyojisikia kusoma hivi. Vumilia nikueleze.

Wewe ulidhani, na mimi mwanzoni nilidhani hivyohivyo, kwamba ukilipia ule mtandao wa muziki kila mwezi na usisikilize mwingine ila mimi, basi pesa yako inakuja kwangu. Haiji. Pesa za watu wote zinamiminwa kwenye chungu kimoja, kisha wanaangalia nyimbo za nani zimechezwa zaidi dunia nzima, na kila mmoja anapakuliwa kwa kadiri hiyo. Wale wakubwa wanajaziwa sahani, sisi wa kujitegemea tunaambulia ukoko. Na huo ukoko haunifikii moja kwa moja. Unapitia kwa wakala aliyeupeleka wimbo mtandaoni, anamega chake, prodyuza naye anamega chake, na kinachobaki hakitolewi mpaka kifike kiwango walichokiweka wao. Sijawahi kukifikia. Hayo malipo wanayoyaita mirabaha mimi nayaona kwenye kioo cha simu tu, kama keki dirishani.

Sasa sikia alichofanya kaka yako. Unamjua, miaka yote alikuwa akisema kuimba ni kazi ya wasio na kazi. Basi siku moja amelala chali chini ya sinki la mteja, anafunga bomba, akasikia sauti yangu inatoka kwenye simu ya yule mama mwenye nyumba. Mtu ambaye hatumjui kabisa! Alitoka chini ya sinki na spana mkononi, maji yanachuruzika, anamwambia huyo ni binti yangu. Mama anasema alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Laiti angeishia hapo kwenye kufurahi. Akaenda kwa fundi simu akanunua masimu mabovumabovu, yenye vioo vilivyopasuka, akayapanga kwenye kabati la vyombo, yote kwenye chaji, yote yamezimwa sauti, na yote yanacheza wimbo wangu, ukiisha unaanza upya. Sahani za mama zikahamia chini ya kitanda. Kila asubuhi anafungua kabati kuyakagua kama mtu mwenye kuku. Na mimi ninayeishi huku juu ya duka sikuambiwa. Ilikuwa siri, eti wanishtukize.

Nilishtuka kweli. Namba zilipanda, Shangazi, zikapanda, nikasema jamani, watu wamenisikia! Nilicheza peke yangu humu chumbani mpaka mwenye duka akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Kesho yake nikaingia karakana yetu ya ushonaji kichwa juu, nikamwambia Madamu kwamba mwisho wa mwezi naondoka, atafute mwingine wa kushona kola za sare. Nilisema mbele ya wenzangu wote. Nikaongeza na mengine ambayo hayakuwa na ulazima, kuhusu feni iliyoharibika na mshahara anaotulipa.

Onyo la mtandao lilikuja kabla ya huo mwisho wa mwezi. Kwamba wimbo wangu unachezwa kwa udanganyifu, mchana na usiku, mahali pamoja, bila kupumzika, kwamba malipo yamezuiwa, na ikiendelea akaunti inafungwa. Nilikwenda mbio kwa wazazi nikalie. Mama akaniambia chukua sahani ule kwanza, mimi nikafungua kabati. Sikuhitaji kuuliza tena. Simu zilikuwa zinaniangalia na picha yangu ile ya kitambaa cha njano, kila kioo na ufa wake.

Nilimfokea baba, na sikufoka vizuri. Aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi si msikilizaji?" Nikamwambia si hivyo, baba, ila simu hazina masikio. Akasema yeye alikuwa nayo, kila akipita alikuwa anafungua sauti kidogo anasikiliza. Tangu siku hiyo amenuna, na ndipo alipotamka kwamba hata wewe alikufundisha, kwamba kule kwenye mashine za kufulia mnaziacha simu rafuni zikiimba kutwa. Loo, Shangazi! Ukoo mzima mmeniibia kwa mapenzi.

Nimemwandikia wakala kujieleza. Nikajibiwa papo hapo, kwa heshima zote, nikafurahi, kumbe ni mashine. Nikauliza tena, ikanijibu yaleyale. Nimemwaga machozi mbele ya kitu kinachonishukuru kwa uvumilivu wangu. Mtu wa kuongea naye hakuna, hata wa kunitukana hakuna.

Prodyuza, yule tunayemwita Waya, alishauri nijitoe kwa huyo wakala niuweke wimbo kwingine kwa jina jipya. Tukasoma mkataba pamoja, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kusaini. Wimbo ni wake kuusambaza kwa miaka, upende usipende, na ukiupeleka kwingine mashine inaitambua sauti hata ukijiita nani. Wakiufunga, hausikiki kwao na siwezi kuupeleka kwa mwingine. Ndio mahali nilipo. Nikikaa nimebanwa, nikitoka nimebanwa.

Karakanani nako nimeufyata mkia. Nilirudi kwa Madamu nikaomba radhi, naye hakunifukuza, na afadhali angenifukuza. Amenihamishia pale pembeni chini ya ile feni iliyoharibika, na kola zimeongezeka. Siku hizi nikianza kuimba, kama nilivyozoea nikishona, wenzangu wanakohoa. Nimenyamaza. Nageuza kola, napiga mshono, nageuza nyingine, na ukuta uko hapa mbele ya pua yangu.

Kinachoniuma zaidi, wapo wasikilizaji wa kweli. Si wengi, lakini wapo, kama yule mama wa sinki. Wimbo ukifungwa nao watanikosa, na wao hawana kosa lolote. Baba amezima zake zote, mama amerudisha sahani kabatini. Umebaki wewe.

Msalimie sana mumeo, na mwanao Kitumbo umbusu mashavu yote mawili, mwambie shati lake nimelishona kubwa makusudi. Wasalimie wenzako wa kufulia, washukuru kwa vigelegele, wasinichukie. Mama anakusalimu, anasema unga ule uliotuma ulifika salama. Baba hajasema nikusalimie lakini ameniuliza kama barua nimeshaifunga, kwa hiyo hesabu amekusalimia.

Kuna jambo moja sikukwambia. Mtandao unanionyesha wimbo umechezwa miji gani. Mji wako upo siku zote, na kila asubuhi unaanza mapema, kabla ya mingine yote, saa ambayo wewe huwa unaingia zamu. Tangu ulipougua mwaka jana ukatuficha, mimi huwa sikai kwenye cherehani kabla ya kuangalia. Nikiuona mji wako nasema, haya, Shangazi ameamka, miguu imembeba. Sijawahi kukupigia simu kukuuliza hali mapema hivyo, kwa sababu nilikuwa najua.

Zima, Shangazi. Asubuhi nitakayofungua nikakuta hakuna kitu, nitajua umenisikia. Halafu nipigie hapohapo, usingoje hata dakika, uniambie u mzima.

Mungu akulinde, akupe nguvu za miguu na akurudishe kwetu salama.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata akikukataza,
Chiriku