Tableti Niliyomchagulia Baba

Kibirichia,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mdogo wangu Kiunga,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe, na wifi yangu Ruguru anaendeleaje na mgongo wake? Natumaini ndengu zenu zilikomaa kabla ya jua la Siakago kuzimaliza. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa nikisema tu wazima nitakuwa nimekudanganya, na nimeketi kuandika barua hii ili niache kukudanganya.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ninayo. Sikukupigia kwa sababu siku hizi nikisikia sauti yako kwenye simu nageuka kutazama mlango wa chumba cha Baba. Sababu utaielewa ukisoma mpaka chini. Usiruke, tafadhali. Ninakujua, wewe hata gazeti huanzia ukurasa wa nyuma.

Viazi vya msimu huu vimeharibika. Ukungu ulikaa shambani asubuhi hadi adhuhuri, majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Koome jirani amenisaidia kuchimbua vilivyobaki, na ndiye anayekamua ng'ombe ninapokuwa shuleni. Lakini si viazi vilivyonifanya niandike.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba kiharusi kilimwacha Baba na mkono mmoja tu, ule wa kushoto, na kwamba kinywa kilikataa kabisa. Akili iko sawasawa, Kiunga. Hilo ndilo linaloniumiza. Mtu ambaye akisimama langoni alikuwa akiwaita vibarua waliokuwa kule chini mtoni, sasa anataka maji na hawezi kuyaomba. Ananguruma, nami nakisia. Namletea uji, kumbe alikuwa akisikia baridi. Anakasirika, nami nakasirika, halafu naenda jikoni kulia.

Ndipo yule mtaalamu wa matamshi wa hospitali, msichana mmoja mpole anayeitwa Njoki, akanionyesha iPad yake. Kioo chake kiligawanywa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na picha yake. Ukigusa picha ya kikombe inasema unataka maji, ukigusa kitanda inasema umechoka. Nilikupigia siku hiyo hiyo, nawe ukasema bila hata kufikiri kwamba utanunua iPad, tena mpya, kwamba Baba hawezi kupewa kitu cha rahisi. Nami nikakukatalia. Nikaenda Meru mjini nikarudi na tableti ya Android, na sikukueleza neno. Baadaye Ruguru aliniambia ulidhani Baba ndiye aliyekataa kitu kilichotoka mkononi mwako. Hapana, Kiunga. Baba hakuulizwa. Nilichagua mimi.

Nilichagua hivyo kwa sababu ile programu ya Njoki ilisema kwa sauti ya mwanamke wa Kizungu, kwa Kiingereza. Baba alipoisikia alinitazama kama kwamba nimemletea mgeni kitandani. Hakuna mashine niliyoipata inayosema Kimeru chetu. Muuzaji kule Meru akanionyesha programu nyingine kwenye tableti ya Android, ambayo unaiwekea picha zako mwenyewe na sauti yako mwenyewe. Chaja yake ni hii hii ya simu yangu, sauti zinahama kutoka kwenye simu bila shida, na ikiharibika fundi wa hapa sokoni anaweza kuishika bila kuogopa. Nilijiona mwerevu sana siku hiyo. Mwalimu mzima, nikatembea na mfuko wangu kama niliyeshinda tuzo.

Nikarekodi maneno yote kwa Kimeru kwa sauti yangu. Maji, uji, baridi, naumwa, niombeeni, asante, hapana, njoo. Nikapiga picha kikombe chetu chenyewe, blanketi lake lenyewe, mlango wetu wenyewe. Baba akagusa kikombe. Sauti yangu ikatoka mkononi mwake ikiomba maji. Aliisukuma tableti mpaka ikaanguka sakafuni. Nilikaa siku nzima sielewi, hadi Koome akanieleza taratibu, akiona haya kidogo, kwamba mzee wa rika la Baba hawezi kuonekana mbele ya watu akizungumza kwa sauti ya binti yake. Nikamwomba Koome arekodi yeye. Akakataa kabisa. Alisema kwamba kujifanya kinywa cha mzee ambaye bado anapumua, ilhali wewe si wa nyumba yake, ni kama kumwombea kifo.

Basi nikatafuta sauti nyingine, ya kiume, na Baba akaikubali. Ya nani, nitasema sasa hivi. Niache kwanza nikueleze jinsi alivyoikubali. Alipogusa kikombe na kusikia neno maji, aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Akagusa tena. Nilimletea maji, hakunywa, akagusa tena. Kutoka siku hiyo tableti haikutoka kifuani pake. Stima ikipotea alikuwa akinitazama kwa wasiwasi mpaka irudi, kwa kuogopa chaji itaisha.

Sasa nije kwa lile ambalo hatulitaji mimi na wewe. Unakumbuka vizuri kuliko mimi alichosema pale kaburini kwa Mama. Kwamba ni wewe uliyemtoa Mama nyumbani ukampeleka hospitali Embu wakati Mama mwenyewe alitaka afie kwenye kitanda chake, na kwa hivyo, maadamu yeye Baba yu hai, usikanyage boma lake. Alisema mbele ya ukoo wote. Na neno la namna hiyo kwetu hufutwa na aliyelisema tu, kwa kinywa chake, mbele ya wale waliolisikia. Kiharusi kilipomfunga kinywa, nawe ulifungiwa nje. Niliwasikia watu wakisema hivyo sokoni, na wengine wala hawakushusha sauti.

Wiki chache baada ya kuizoea tableti, Baba alianza kugusa picha ya njoo. Nikaja. Akatikisa kichwa. Akagusa njoo, akagusa picha ya mlango, ile inayosema nyumbani. Nikamwambia Baba, tuko nyumbani. Akafunga macho kwa hasira. Ilikuwa hivyo siku nyingi, mpaka asubuhi moja akanyoosha ule mkono wake mzima akaelekeza ukutani, kwenye picha yako ya kuhitimu chuo, ile aliyokataa iondolewe hata baada ya kukufukuza. Nikaipiga picha, nikaiweka kwenye chumba cha kioo kilichokuwa kitupu, nikaiwekea jina lako. Hakugusa kwa kidole. Aliweka kiganja chote juu ya uso wako, jina likasikika, akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata kwa Mama. Halafu akagusa moja baada ya nyingine: Kiunga. Njoo. Nyumbani.

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kukuandikia. Nilimtuma Koome akamwite Mzee Bundi, mwenzake Baba wa rika, yule aliyemshika Baba mkono pale kaburini, pamoja na wazee wengine waliokuwepo. Nilipika chai ya maziwa, nikamvalisha Baba koti lake la kanisani, nikamketisha kwa mito. Nilitaka wakimaliza tu nikupigie simu hapo hapo. Baba akagusa. Kiunga. Njoo. Nyumbani. Akarudia, akiwatazama mmoja mmoja usoni.

Kisha Mzee Bundi akaweka kikombe chini akaniuliza, binti yangu, hiyo sauti ni ya nani.

Ni yako, Kiunga. Yale maneno niliyokuomba unirekodie na kunitumia kwa WhatsApp, nikisema ni ya kuwafundisha watoto wangu wa gredi ya kwanza lugha ya mama, hayakwenda darasani hata siku moja. Yalikwenda kitandani kwa Baba. Nilifikiri nikikwambia ukweli utakataa kama Koome, au utarekodi huku umevunjika moyo na Baba atausikia. Ulirekodi ukicheka. Kwenye neno baridi unasikika ukicheka kabisa, kwa sababu ulilitamka ukiwa kwenye joto la Siakago, na kwenye asante kuna mbuzi analia nyuma yako. Baba alikuwa akigusa asante hata kama hakuna aliyempa kitu. Na jina lako nililikata kutoka mwanzo wa ujumbe wako, kwa sababu kila ujumbe unauanza na kusema, Nkirote, ni Kiunga. Baba anajua ni wewe. Alijua tangu lile neno la kwanza. Tulipokuwa wadogo watu walikuwa wakisikia ukiita ng'ombe wakadhani ni yeye.

Sikuweza kumdanganya Mzee Bundi mbele ya Baba. Nikasema ni sauti yako. Mzee akatikisa kichwa, si kwa ubaya, uso wake ulikuwa na huzuni. Akasema kwamba alichosikia yeye ni Kiunga akijikaribisha mwenyewe, na kwamba hakuna mtoto anayejifungulia lango lililofungwa na baba yake. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikupaswa kumsemesha mzee, kama ingekuwa ni yule mwanamke wa Kizungu wa iPad anayesema angekubali. Akafikiri, akasema pengine ndiyo, kwa kuwa huyo hana lolote analolitaka katika boma hili, na kila mtu angejua maneno ni ya mzee tu.

Baba alisikia yote. Akagusa hapana. Akagusa hapana, na hapana, na hapana, mpaka mmoja wa wazee akatazama chini. Mzee Bundi akachukua kofia yake. Akasema hata hiyo hapana ni Kiunga.

Kwa hivyo ujue ni nini nilichokufanyia. Ungetuletea iPad yako, yule Mzungu angesema kwa ubaridi wake maneno yale yale, na leo ungekuwa umekaa hapa. Mimi nilitaka Baba awe na sauti ya nyumbani, na sauti hiyo ndiyo iliyokuzuia mlangoni. Nalifikiria jambo hili nikifundisha, nikipika, nikiomba.

Wazee waliahidi kukaa tena walizungumze. Hawajakaa. Jumapili iliyopita Baba aliamka na mkono wa kushoto umelala pia. Njoki alikuja, akamgusa vidole kimoja kimoja, na hakunificha kitu. Tableti iko pale kando ya mto, na chaji imejaa. Jioni namgusia mimi picha moja moja, naye anasubiri nifike kwenye uso wako ndipo afumbe macho mara moja, polepole. Hiyo sasa ndiyo njia yake ya kusema ndiyo.

Njoo, Kiunga. Usingoje wazee. Wakiniuliza nani aliyekufungulia lango nitawaambia ni mimi, na kama kuna laana yoyote, waiweke juu yangu. Baba alikuita, tena mara nyingi, mimi ndiye shahidi.

Msalimie sana Ruguru, umwambie aje na sweta nzito. Wasalimie wakwe zako wote na majirani wanaotukumbuka kwa maombi. Koome anakusalimu, amesema atakuja kukupokea pale barabarani.

Neno la mwisho. Ukifika usipige hodi, wala usiseme kitu mlangoni. Akisikia sauti yako atadhani ni mimi nimegusa tableti, na hatafungua macho. Ingia kimya mpaka kitandani, umshike mkono, kisha useme.

Ni mimi dada yako,
Nkirote