Kitufe cha Skafu

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Natumaini zitakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho kimeshakuacha. Kama bado kipo, usijifanye fundi wa kila kitu, nenda kamwone daktari.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, na binti yetu ameota yale meno mawili ya mbele, kwa hiyo siku hizi anacheka bila kuziba mdomo. Anakusalimu, anauliza kama shangazi hupanda lifti bure.

Mama anaendelea vizuri. Wiki ya sita sasa tangu afanyiwe upasuaji wa goti, na anatembea kwa fimbo kutoka chumbani hadi jikoni. Daktari amemkataza ngazi kwa mwezi mwingine mzima, kwa hiyo amekuwa mfungwa wetu. Unajua mama asivyoweza kukaa bure. Wiki ya kwanza alikunja upya nguo zilizokwisha kunjwa. Wiki ya pili akaanza kumkosoa msoma habari wa televisheni, kwa sauti, kana kwamba yule bwana anamsikia.

Kazini ni kama kawaida. Tuna mashine mpya ya kukatia karatasi, kisu chake hakishuki mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa mikono yote miwili, ili usiache kidole ndani. Wapiga chapa wa zamani tunailaumu kwamba inatuchelewesha. Vidole vyetu havilalamiki.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema kampuni inataka kukufanya msimamizi wa mafundi wa lifti, watu tisa chini yako, na unatakiwa kujibu kabla ya mwezi kwisha. Unasema pia kwamba utakataa. Sababu umeiandika kwa mstari mmoja tu: “Mimi ni mtu wa kusimama kwenye kibao, kaka, unanijua.” Najua uliandika kwa utani. Mimi sikucheka, na sasa nakueleza kwa nini.

Siku mbili baada ya barua yako kufika, nilikuwa natafuta mto wa zamani wa kuwekea goti la mama. Nyuma ya masanduku ya stoo nikaikuta mashine yetu ya gemu, imefungwa kwenye shuka, pedi zote mbili za kuchezea zimezungushiwa nyaya zake. Kaseti bado ilikuwa ndani. Ile ile, Nyumba ya Vyumba Arobaini.

Haikuwaka. Nikaipeleka kwa fundi redio, yule mwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Mashine yenyewe ilimchukua dakika kumi, waya ulikuwa umekatika. Kisha, bila mimi kumwomba, akazifungua na pedi, akatandaza matumbo yake juu ya gazeti. Akaniambia ile ya pili haina mpira chini ya kitufe cha kushikia. Na ile ya kwanza ina mipira ya kijivu yote, isipokuwa mmoja wa bluu kama ya ile ya pili. Akauliza nani alizifungua hizi. Nikamjibu sijui.

Nina miaka arobaini, mdogo wangu, na bado nikamdanganya fundi redio ambaye hajui hata jina langu.

Nilizifungua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe minane. Mpira wa kitufe changu ulikuwa umechanika, na kesho yake mjomba angetuletea ile kaseti. Nikachukua bisibisi ya cherehani ya mama, nikatoa mpira kwenye pedi yako, nikautia kwenye yangu, nikakaza skurubu. Gemu tulizokuwa nazo kabla ya hapo hazikuhitaji kitufe hicho kwa mchezaji wa pili, hivyo nikajiambia hutaona tofauti.

Uliiona siku ya kwanza ya kaseti ile, mimi nikimwendesha Kofia na wewe Skafu, wale watu wawili wa kwenye gemu. Ulikuja na pedi mkononi, ukaniambia, “Kaka, hiki hakifanyi kitu.” Nami nikakujibu, “Skafu hana nguvu ya kushika. Ameumbwa hivyo. Kazi yake kusimama kwenye kibao.”

Basi ikawa hivyo. Kofia wangu alibeba funguo, aliinua masanduku, alishika taa. Skafu wako alikwenda kusimama juu ya kibao cha sakafuni mpaka mlango ufunguke, mimi nikapita, nikakanyaga kibao cha upande wa pili, ukanifuata. Vyumba ishirini na viwili tulivipita hivyo, na ninakiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kusimama vizuri kuliko wewe. Hukukanyaga pembeni hata mara moja. Ulipoomba tubadilishane pedi nilisema mkubwa ndiye wa kwanza.

Chumba cha ishirini na tatu unakikumbuka, minyororo miwili kwenye kuta mbili, na geti katikati. Tulikaa pale likizo nzima. Mimi nilivuta wa kwangu mpaka dole gumba likaota sugu, na geti halikufunguka. Nilijua kwa nini. Ningeweza kusema siku yoyote, ila ningelazimika kusema na lile la mpira. Nikaona heri niwatangazie wote mezani kwamba tumekwama kwa sababu ya Skafu. Mjomba akacheka, akakuita Skafu, na jina likakuganda. Tangu hapo kila kazi nyumbani ilipogawanywa, wewe ulikuwa wa kushika mlango. Skafu ni wa kusimama. Nilisema hivyo hata siku ulipotaka kugombea ukiranja shuleni, nawe ukaacha.

Tuendelee. Fundi alikata mpira kutoka kwenye rimoti mbovu, akaupachika. Nikaunganisha mashine sebuleni, na kwa kuwa mimi nina zamu ya usiku siku hizi, wifi yako alikuwa kazini na binti shuleni, aliyebaki wa kucheza na mimi alikuwa mama.

Ndiyo, mama. Yule yule aliyekuwa akichomoa waya ukutani bila kutuonya. Mwanzoni alishika pedi kama ameshikishwa samaki mbichi. Alimtumbukiza Skafu shimoni mara kumi na moja, kila mara akimlaumu Skafu. Siku ya tatu alikuwa ananiita yeye, niache chai yangu, chumba cha kumi na tano kinangoja. Ana subira, mama. Anazunguka chumba kizima akikitazama kabla ya kugusa chochote, kama anavyokagua nyanya sokoni.

Juzi saa kumi alasiri tukafika kwenye minyororo. Sikumwambia lolote. Nikamsogeza Kofia ukutani, nikashika wa kwangu, nikangoja. Mama akamsogeza Skafu upande wa pili, akabonyeza. Skafu akainua mikono yote miwili, akashika, akavuta. Geti likapanda juu bila hata kukwamakwama.

“Kumbe anaweza,” mama akasema.

Akanigeukia, akaniuliza mbona siku zile tulisema hawezi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila yangu ilinyooka miaka ishirini na minane kabla sijafika mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa kochi la sebuleni kwangu, mbele ya mama mwenye goti bovu. Nikamweleza yote, pamoja na bisibisi. Nilitamani anifokee. Aliweka pedi mezani, akaninyoshea mkono nimpe miwani yake, akaisafisha kwa upindo wa kanga.

Kisha akasema, “Na mimi nilikuwa nikimwambia hivyo hivyo. Asimame, ashike mlango. Nilidhani ndivyo alivyo.”

Nilitaka kukupigia simu pale pale. Akanikataza. Alisema kwenye simu nitaanza na mzaha, wewe utacheka ili nisione haya, na mambo yatakwisha hapo. Mwandikie, alisema, ili asome mwenyewe mara atakazo. Mama anatujua sana.

Nimekuwa nikiwaza juu yako huko, ukining'inia ndani ya shimo la lifti la ghorofa kumi na nne na tochi kichwani, watu wazima wakikungoja useme kama kamba inafaa au haifai. Hiyo si kazi ya mtu wa kusimama. Wameliona hilo watu waliokujua miaka sita tu, na sisi tuliokulea hatukuliona. Naona aibu, na aibu hii ni haki yangu.

Kama kazi ile huitaki kwa sababu zako, kwamba ina makaratasi mengi, au wale tisa ni wakorofi, au unapenda tu bisibisi kuliko kalamu, ikatae, nami nitakuunga mkono. Ila usiikatae kwa sababu ya neno la mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akificha wizi wake. Posta wameniambia barua ya haraka huchukua siku nne. Utakuwa na muda wa kutosha wa kufikiri kabla ya kuwajibu.

Wifi yako anakusalimu, amesema sweta uliyomletea bado anaivaa. Mjomba anakusalimu. Nilimpitia jana nikamsimulia yote, akatikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema lile jina hatalitumia tena. Msalimie rafiki yako unayekaa naye. Mungu akulinde juu na chini ya majengo hayo, akupe riziki ya halali na usingizi mzuri.

Ni mimi akupendaye, ingawa nimechelewa kukuonyesha,
Kaka yako.

Nyongeza: Nimempa mama barua hii aisome kabla sijaifunga. Amesoma taratibu hadi mwisho, akanirudishia. Amesema nimeeleza habari za mpira vizuri sana, kurasa nzima, na fundi, na minyororo, na yeye mwenyewe nimemtia ndani na goti lake, lakini ametafuta neno moja na hakuliona. Nimeisoma tena, ni kweli halimo.

Nisamehe, mdogo wangu.