Mgahawa wa Rukia ndani ya kompyuta

Jumanne

Kwani nani alimwambia anitie kwenye mchezo wake?

Leo nilimkuta mdogo wangu Rukia kwenye kompyuta, kwake Makorora, anacheza ule mchezo wa kujenga mtaa na kuwaweka watu waishi. Kaujenga upya mgahawa wake uliofungwa. Mabenchi yaleyale ya buluu, na wateja wamejaa.

"Nani huyu wa buibui?"

"Wewe, dada. Kila siku unakuja wa kwanza, na sahani unaimaliza."

Kwenye mgahawa wa kweli nilikula mara moja tu. Pilau lilikuwa tamu. Nilipotoka nikawaambia mashoga zangu wa mtaa wa Mabawa kwamba nimekuta unywele, na haukuwepo. Kila mtu alikuwa akimsifu Rukia, nikachoka. Mwezi haukuisha, akafunga.

Ningemwambia leo. Badala yake nikamwambia hao si watu, hata njaa hawaijui.

Akaenda kuswali alasiri. Nikashika kipanya, nikamfuta yule mwanamke wa buibui.

Aliporudi aliliona benchi tupu. Hakugomba. Alinitazama tu, kama mtu aliyejua siku zote.

"Hata humu, dada?"