Vichwa Vipya vya Harlan

Mdogo wangu Dwight,

Maboga yamekubali mwaka huu, na goti langu limepoa. Shemeji yako Harlan bado anajitengenezea risasi mwenyewe gereji. Si unamjua: miaka ishirini ananunua vichwa vya risasi butu tu, vya kutoboa karatasi ya shabaha tundu safi, na kila kimoja hukipima kwenye mizani. Jumanne mtu wa posta kaleta vingine, vyenye shimo kwenye ncha, vya kupasukia ndani ya nyama.

"Hivi navyo vya mashindano gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Karatasi haikimbii, Lorene."

Ugomvi wako naye wa shamba hautaji tena kabisa.

Usije Jumapili. Leo asubuhi, anakoroga kahawa, kaniuliza huwa unaingilia mlango upi.

Dada yako,
Lorene