Meli Iliyolala Kifudifudi

Jumamosi, jioni. Wandegeya. Mvua imetutisha tangu asubuhi, kisha ikaenda kunyesha kwa watu wengine. Duka limetulia, mashine ya kopi imepoa, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta na vumbi la chuma bado limo kwenye ndevu.

Leo nimeiona meli ya watalii ikijengwa. Nimeigusa kwa mkono huu.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnanijua. Nimeishia darasa la sita, lakini hapa Wandegeya, jirani na chuo kikuu, hakuna anayenishinda kutia vitabu jalada. Wako madaktari wa falsafa wanaotembea mjini kwa gundi yangu. Tasnifu nimesoma nyingi kuliko maprofesa, angalau ule ukurasa wa shukrani. Na habari ya meli yangu mnaijua pia, maana nimeisimulia humu mara tatu, na kila mara mamba ameongezeka urefu.

Kwa aliye mgeni naisema kwa ufupi. Nilipokuwa kijana nilikwenda Kisumu, nikapata kazi ya kujenga meli. Siku arobaini nililala chali chini ya tumbo lake nikichomelea vyuma, cheche zikinidondokea kifuani. Ikifika jioni, mamba alitoka ziwani kuja kuota moto wangu, tukazoeana. Kovu ninalo mpaka leo, chini kidogo ya shingo, na huwa nafungua kifungo cha shati kulionyesha.

Zubeda, mtoto wa dada yangu, ni fundi wa kuchomelea. Alianza na mageti na madirisha kule Nakivubo, na mwaka huu akaitwa kwenye karakana ya meli kando ya ziwa, ukishapita Luzira. Wanajenga meli ya ghorofa tatu yenye vyumba vya kulala, ya kuwazungusha watalii kwenye visiwa vya Ssese. Mama yake, dada yangu Mwanaisha wa Mengo, alikataa katakata. Alisema, mtoto wangu alale chini ya chuma kama kile, kikimwangukia je? Mimi ndiye niliyetumwa kumlainisha. Nilifungua kifungo. Nikamwambia, dada, mimi nililala chini ya meli siku arobaini, na huyu hapa nakunywa chai yako.

Aliliangalia kovu muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Kwa sababu ni wewe umeniambia."

Neno hilo ndilo nililokwenda nalo leo kwenye karakana, limenikaa kifuani kuliko hilo kovu.

Ilikuwa siku ya jamaa za wafanyakazi kutembezwa. Walinivalisha kofia ngumu na viatu vya mtu mwingine, nikawa natembea kama bata. Tulipoingia ndani nikaona dude kubwa kama ukumbi wa harusi, limeteremka pande zote mbili, na juu yake mgongo mmoja mrefu ulionyooka. Mama mmoja Mkongomani, ambaye mwanawe anafanya kazi na Zubeda, akauliza hicho ni kitu gani. Zubeda alifungua kinywa. Mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Hilo ni paa, mama. Watalii watalala hapo juu kuota jua. Limeteremka hivyo ili mvua isitulie."

Fundi wao mkuu, mzee mpole anayeitwa Kasule, akanisogelea taratibu, akaniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo, ile si paa. Ile ni tumbo yake. Meli bado inalala kifudifudi."

"Sasa papa," yule mama akaniuliza, "batalii batalala ndani ya maji?"

Wote wakacheka. Mimi nikacheka wa mwisho.

Kasule akaeleza bila kunidharau. "Mtu akilala chini, moto inamwangukia, na mshono inatoka mbaya. Basi sisi tunajenga meli juu chini. Fundi anasimama vizuri, chuma inayeyuka, inakaa mahali yake. Tukimaliza hii kipande, kreni inaigeuza. Hapa hakuna mtu analala chali."

Hapa hakuna mtu analala chali.

Nilimtazama Zubeda. Alikuwa anakagua glavu zake kama mtu anayezinunua.

Nitasema kweli, aibu ilinishika robo saa nzima, kisha udadisi ukaishinda. Chuma chenyewe kina joto kama ubavu wa ng'ombe. Ukiinama kuingia ndani unakanyaga dari, na sakafu iko juu ya kichwa chako. Mahali fulani mtu ameandika JUU kwa chaki, herufi zimepinduka, na ziko chini kabisa karibu na ardhi. Nilijikunja mpaka kofia ikaanguka ili niisome. Nilimuuliza Kasule jiko litakuwa wapi, kreni inaishika wapi isije ikaiponda, na meli inajuaje kwamba imegeuzwa sawasawa. Maswali mengine aliyajibu. Kwa hilo la mwisho alinipiga begani tu.

Lakini kilichoniingia zaidi ni chokaa.

Mshono ukishachomelewa, wanaupaka chokaa upande wa nje, wanaiacha ikauke iwe nyeupe pe. Upande wa ndani mtu anapaka mafuta ya taa. Halafu wanasubiri. Mafuta ya taa hupenya hata pale ambapo maji yangeshindwa, na kama kuna tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, doa linatokea kwenye chokaa. Mshono uliopakwa leo ulikuwa wa Zubeda, mrefu kama duka langu hili na la jirani.

Wakati tukisubiri, tulikula posho, yaani ugali, na maharage. Vijana wa kazi walikuwa wananitazama kwa hamu, nikajua sifa zangu zimeshanitangulia.

"Mjomba," Zubeda akasema, "wape ya mamba."

Basi nikawapa. Ningefanyaje? Kasule aliacha kula.

"Chali, ssebo?"

"Chali."

"Siku arobaini?"

"Na mbili," nikasema, na mpaka sasa sijui hizo mbili zilitoka wapi.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa, na Kasule akanisogezea sahani yake ya maharage. Nilishangiliwa kuliko siku zote, na ile sahani nikamrudishia ikiwa vilevile.

Baadaye Zubeda alinishika mkono twende kuangalia mshono wake. Chokaa ilikuwa nyeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna doa. Nikaona hapo siwezi kuendelea kusimama kimya.

"Zubeda, ile meli ya Kisumu..."

"Najua, Mjomba. Tangu wiki ya kwanza. Nilipoambiwa hakuna anayelala chali."

"Na hukusema."

"Nilisikia habari ya meli kwako kabla sijajua chuma kinayeyuka. Nilishika kazi hii nikitaka nione huo moto unaotoa mamba majini." Akapangusa jasho. "Ila hilo kovu ndilo linalonisumbua. Ulilipata wapi?"

Nikamwambia. Kisumu nilifika kweli. Nilikaanga mandazi nje ya geti la karakana, nikawa nachungulia cheche kupitia uzio, na siku moja nilichungulia sana, karai likapinduka, mafuta yakanirukia kifuani.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama, akajifuta macho. "Mama asijue. Analala vizuri kwa sababu ya hilo kovu."

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Nadhani Zubeda amekosea, na mimi nilikosea kabla yake. Dada yangu nilimpa picha ya mtu aliyelala chini ya chuma, eti ndiyo ya kumtuliza. Ukweli ungemtuliza vizuri zaidi, na mimi nilikuwa siujui.

Kila Jumapili baada ya chai, Zubeda humsomea mama yake ninayoandika humu. Najua huwa anaruka mistari. Zubeda, kesho ukifika hapa, usiruke.

Dada Mwanaisha, kovu ni la mafuta ya mandazi. Mtoto wako anasimama juu ya meli, halali chini yake, na mshono wake hauvuji.

Aliyebaki ni mamba. Huyo sijui nimpeleke wapi.