Suti Uliyoipiga Pasi Siku Mbili

Baba yangu, shikamoo.

Najua ungeniuliza kwanza mpunga unaendeleaje, ndipo tuzungumze mengine. Mpunga mzuri, baba. Tumevuna, ghala limejaa, na tumbo langu nalo limejaa. Ndilo lililonifanya nikuandikie.

Unakumbuka mwaka ule niliotumwa Bangkok kusomea mambo ya mbu? Kabla sijaondoka ulinishika bega pale barazani kwako sokoni, cherehani ikiwa mbele yako, ukasema, "Ukirudi, tunakata suti ya harusi. Mwanangu haoi na suti ya mkono wa mtu mwingine." Niliitikia ndiyo. Lakini, baba, nilikuwa nimeshaona mikono yako ikitetemeka. Jumapili moja kabla ya hapo nilimwona katekista akisoma somo huku mkono mmoja wa koti ulilomshonea umefika kwenye kidole gumba na mwingine umeishia juu ya saa. Watu walicheka chinichini. Mimi sikucheka, niliogopa harusi yangu.

Kule Bangkok mafundi wanakuita kutoka mlangoni kama wauza samaki. Niliingia kwa mmoja, akanipima kila mahali, akazungusha tepu kiunoni mara mbili kana kwamba haamini. Kesho yake nikajaribu, keshokutwa yake nikabeba suti yangu ya buluu iliyokolea. Ilinikaa kama ngozi. Nikajitazama kwenye kioo nikafurahi, kisha nikaona haya.

Nilipofika nyumbani nikakudanganya. Nilisema ni zawadi ya wenyeji wetu. Uliigeuza suruali nje ndani, ukapitisha kidole kwenye mshono, ukasema tu, "Fundi hodari. Ila mchoyo wa kitambaa." Ukarudi kwenye kazi yako.

Lakini nilisahau jambo ambalo kila aliyekulia bonde hili analijua. Nilipimwa mwezi wa tatu, nimetoka shambani Namawala kupalilia na kufukuza ndege, ghala likiwa tupu na sisi tunakula mlo mmoja. Harusi ilikuwa mwezi wa nane. Wewe ulikuwa ukimpima mteja, kwanza unamuuliza kama nyumbani wameshavuna. "Mtu wa huku ana viuno viwili," ulikuwa ukisema, kisha unaacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Fundi wa Bangkok angejuaje?

Wiki ya harusi suruali ilikataa kufunga. Sikumwambia mtu, kwa kuwa ningemwambia nani? Ukaja wewe mwenyewe na kusema, "Lete hiyo suti niipige pasi, angalau hilo." Ukakaa nayo siku mbili. Baba, nani anapiga pasi siku mbili? Lakini nilikuwa bwana harusi, akili sina. Siku yenyewe ikafunga vizuri, nikadhani wasiwasi umenikondesha.

Miezi sita baadaye tukakuzika Mahenge, kwenu. Tangu hapo nimeishi na jambo moja kifuani: kwamba uliondoka ukijua mwanao alikuonea aibu. Nimelibeba miaka tisa. Mke wangu akisifu picha za harusi, mimi naitazama suti tu.

Wiki iliyopita mjukuu wako Agripina alikuwa anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Nikaitoa suti, ikagoma tena. Nikampelekea mama, ambaye sasa ndiye anayekalia cherehani yako. Akafumua kiuno cha suruali, akaniita. Nyuma palikuwa na kipande kilichoongezwa, kimekatwa kutoka kwenye pindo la miguuni, kimeshonwa kwa mkono uzi kwa uzi, nje hakionekani kabisa. Na pembeni, nyuzi tatu nyekundu. Zile ulizoweka ndani ya kila nguo uliyoshona, ili fundi mwingine akifungua ajue amekutana na mtu.

Nilikaa chini sakafuni.

"Ulijua, mama?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namtungia sindano. Mkono ukitetemeka anapumzika, ukitulia anaendelea. Alinikataza nisikwambie. Alisema, 'Acha aoe kwa raha, asije akaona aibu mbele ya watu.'"

"Hakukasirika?"

"Alikasirika siku moja. Ya pili alikuwa anaimba."

Nililia, baba, lakini ni kile kilio cha mtu anayetua mzigo. Nimelala vizuri tangu siku hiyo. Kumbe uliniambia kweli pale barazani, na neno lako ukalitimiza.

Mama akaniambia kwamba ndani ya kile kipande umeacha akiba, inchi nzima. Ulijua nitanenepa. Akauliza aitoe yote.

Nikamwambia atoe nusu. Nusu iliyobaki ni yako, na nyuzi nyekundu asiziguse.

Pumzika, baba. Jumapili nilikwenda kanisani na mkono wako.

Mwanao mwenye viuno viwili